Jinsi ya kuithibitisha namba tasa 2147483647 mwenyewe: mwongozo kamili wa kalamu, kalkuleta na simu

Jumanne ya tarehe 19 Januari 2038, saa kumi na mbili na dakika 14 na sekunde 7 asubuhi kwa saa za Mombasa, mashine zote ambazo bado zinahesabu wakati kwa mtindo wa zamani wa biti 32 (nafasi 32 za sifuri au moja) zitafika sekunde ya 2147483647 tangu mwaka 1970 uanze. Sekunde inayofuata haina pa kuandikwa, kwa hiyo saa ya mashine itaruka nyuma hadi Desemba 1901. Ukilitaja jambo hili barazani huko Mji wa Kale, ubishi hauishi: huyu anasema simu zote zitakufa, yule anasema ni porojo za mitandaoni. Simu nyingi za siku hizi zinahesabu kwa biti 64, basi hazina wasiwasi. Kinachonishangaza mimi ni kwamba watu hubishana juu ya tarehe, na ile namba yenyewe hakuna anayeiuliza chochote.

Bilioni mbili, milioni mia moja arobaini na saba, elfu mia nne themanini na tatu, mia sita arobaini na saba. Ni namba tasa: haigawanyiki kwa chochote ila 1 na yenyewe. Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kulithibitisha hilo kwa mkono wake, bila kuambiwa tu na mtandao. Nimeuandaa kwa wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne ninaowafundisha tuisheni Kisauni, lakini mtu yeyote anayejua kugawanya na kuchukua baki ataufuata.

Utahitaji daftari la miraba, kalkuleta ya sayansi ya kawaida ya shule, na simu yenye programu ya kuendeshea Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta. Hatua nne za kwanza hazihitaji simu kabisa, kwa hiyo stima ikipotea kazi inaendelea.

Hatua ya 1: Ijue namba kwa umbo lake

Usiichukue namba hii kama tarakimu kumi zilizopangwa ovyo. Ijenge. Zidisha 2 kwa 2 mara kwa mara: 2^10 ni 1024, 2^20 ni 1048576, 2^30 ni 1073741824, na 2^31 ni 2147483648. (Alama ^ nasoma "kipeo cha".) Toa 1 na umefika: 2147483647 ni 2^31 − 1. Ndiyo maana kompyuta inaipenda, maana kwa lugha yake ya sifuri na moja ni moja 31 zilizopangwa mstari, hakuna sifuri hata moja katikati.

Namba za umbo hili, 2 kwa kipeo fulani kutoa 1, huitwa namba za Mersenne, kwa jina la padri Mfaransa aliyechapisha orodha yake mwaka 1644. Kipeo kikiwa si tasa, namba nzima haiwezi kuwa tasa. Mfano, 2^6 − 1 ni 63, na 6 ni 2 × 3, kwa hiyo 63 inagawanyika kwa 2^2 − 1, yaani 3, na kwa 2^3 − 1, yaani 7. Hapo kwetu 31 ni tasa, basi mlango wa kwanza umefunguka.

Lakini tahadhari: kipeo kuwa tasa hakutoshi. 11 ni tasa, na 2^11 − 1 ni 2047, ambayo ni 23 × 89. Iweke hiyo 2047 karibu, tutaitumia kama shahidi wa uongo mara mbili tatu huko mbele. Mersenne mwenyewe aliteleza hapa: aliweka 67 na 257 kwenye orodha yake ilhali si stahili, akaziacha 61, 89 na 107 zinazostahili. Kwa 31 alikuwa sawa.

Hatua ya 2: Vipimo vya haraka

Namba inaishia na 7, basi 2 na 5 hazimo. Jumlisha tarakimu: 2+1+4+7+4+8+3+6+4+7 ni 46. Hiyo 46 haigawanyiki kwa 3, basi na namba yetu haigawanyiki kwa 3.

Kwa 7, 11 na 13 kuna njia moja inayozimaliza zote tatu kwa mpigo, kwa sababu 7 × 11 × 13 ni 1001. Kata namba makundi ya tarakimu tatu tatu kutoka kulia: 2, 147, 483, 647. Kisha toa na ujumlishe kwa zamu ukianzia kulia: 647 − 483 + 147 − 2 = 309. Sasa pima 309 tu. Kwa 7 inabaki 1, kwa 11 inabaki 1, kwa 13 inabaki 10. Hakuna iliyogawa sawasawa.

Wengi huishia hapa na kusema "basi ni tasa". Hapana. Tumezifukuza namba sita tu.

Hatua ya 3: Tafuta kikomo

Namba ikiwa na vigawo viwili, vyote viwili haviwezi kuzidi kipeuo chake cha pili, kwa sababu vikizidi, zao lake litaipita namba yenyewe. Kwa hiyo tafuta kipeuo cha pili cha 2147483647. Kalkuleta inakupa 46340 na ushei. Hakiki kwa mkono: 46340 × 46340 ni 2147395600, bado hatujafika, 46341 × 46341 ni 2147488281, tumepita. Kikomo chetu ni 46340.

Chini ya kikomo hicho kuna namba tasa 4,792. Mtu wa bidii angezipata zote kwa chekeche la Eratosthenes: andika namba zote, futa vigawe vya 2 (yaani 4, 6, 8 na wenzake), vya 3, vya 5 na kuendelea, kinachobaki ni tasa. Kisha agawanye 2147483647 kwa kila moja. Tuseme kila ugawanyaji unachukua dakika moja kwa kalkuleta. Ni dakika 4,792, karibu saa 80 bila kulala wala kula. Inawezekana, lakini mimi siishauri, na wala haikufanywa hivyo.

Hatua ya 4: Mchujo wa Euler

Hii ndiyo hatua yenye utamu wote, ichukue polepole.

Mwaka 1772 mwanahisabati Leonhard Euler, akiwa St. Petersburg na macho yake karibu yamepofuka kabisa, alimwandikia Daniel Bernoulli kwamba 2^31 − 1 ni tasa. Hakutumia siku nyingi kugawanya. Alijiuliza kwanza: kama namba hii ingekuwa na kigawo, kigawo hicho kingekuwa na sura gani?

Tuite kigawo hicho p, na tuseme p ni tasa. Kama p inagawa 2^31 − 1 sawasawa, maana yake 2^31 ikigawanywa kwa p linabaki 1. Sasa orodhesha 2, 4, 8, 16 na kuendelea, kila mara ukichukua baki kwa p. Mabaki hayo yanazunguka: yakifika 1 yanaanza upya. Tuone kwa macho na 23, ambayo tunajua inagawa 2^11 − 1:

2, 4, 8, 16, 9, 18, 13, 3, 6, 12, 1.

Hesabu urefu wa mzunguko: ni 11, sawa na kipeo. Haikutokea kwa bahati. Urefu wa mzunguko lazima ugawe kipeo sawasawa, na kipeo kikiwa tasa, urefu ni 1 au ni kipeo chenyewe. Urefu wa 1 ungemaanisha 2 yenyewe inabaki 1, jambo lisilowezekana. Kwa namba yetu basi, mzunguko wa 2 kwa p una urefu wa 31 kamili.

Hapo anaingia mwanahisabati Fermat, ambaye mwaka 1640 alieleza kwamba p ikiwa tasa na haigawi 2, basi 2^(p−1) kwa p linabaki 1. Kwa hiyo mzunguko wa 31 lazima uingie sawasawa ndani ya p − 1. Yaani p − 1 ni kigawe cha 31. Zaidi ya hayo p ni witiri, kwa hiyo p − 1 ni shufwa. Ukiunganisha, p − 1 ni kigawe cha 62. Rudi kwa 23 uhakikishe: 23 − 1 ni 22, yaani 2 × 11. Na mwenzake 89: 89 − 1 ni 88, yaani 8 × 11. Sawa kabisa.

Mchujo wa kwanza umekwisha: kigawo chochote cha 2147483647 lazima kiwe kigawe cha 62 ukiongeza 1. Namba 17, 19, 37, 41 na maelfu mengine zimeondoka bila kugawanya hata mara moja.

Mchujo wa pili. Kama 2^31 linabaki 1, basi 2^32 linabaki 2. Lakini 2^32 ni mraba, ni 65536 × 65536. Kwa hiyo kwa p kuna mraba unaobakisha 2. Namba tasa zenye sifa hiyo ni zile tu ambazo zikigawanywa kwa 8 hubakisha 1 au 7. Jaribu ndogo ndogo uamini: kwa 7, mraba wa 3 ni 9, linabaki 2. Kwa 17, mraba wa 6 ni 36, linabaki 2. Kwa 23, mraba wa 5 ni 25, linabaki 2. Lakini kwa 11 miraba inabakisha 1, 4, 9, 5, 3 tu, na 2 haimo. 11 kwa 8 inabakisha 3.

Weka masharti yote mawili pamoja na utabaki na milolongo miwili: namba zinazobakisha 1 au 63 ukizigawanya kwa 248. Yaani 248k + 1 na 248k + 63, ambapo k ni 1, 2, 3 hadi 186. Kila mlolongo una namba 186, jumla 372. Na nyingi kati ya hizo zinaanguka zenyewe kwa sababu si tasa: 249 ni 3 × 83, 497 ni 7 × 71, 559 ni 13 × 43, 745 inaishia na 5. Tasa tatu za kwanza kwenye orodha ni 311, 1303 na 1489.

Kati ya namba tasa, milolongo hii miwili huchukua takriban moja katika kila sitini. Zile saa 80 zimegeuka dakika 80.

Sasa zipime. Ukitumia kalkuleta, fanya hivi: 2147483647 ÷ 311 inatoa 6905092.11. Usiishie kwenye desimali, maana kalkuleta hukadiria mwishoni. Chukua 6905092 peke yake, zidisha kwa 311 upate 2147483612, kisha toa kutoka namba yetu: linabaki 35. Kwa 1303 linabaki 226. Kwa 1489 linabaki 199. Endelea hivyo hadi 46340. Hutapata hata sifuri moja, na ukifika mwisho umethibitisha, umemaliza. Wanafunzi wanane wakigawana orodha, kila mmoja ana kama kumi tu. Ni kazi ya kipindi kimoja.

Kijana mmoja aliniuliza hapo, "Maalim, si tuingize tu kwenye simu ituambie?"

"Na ikikudanganya, mwanangu, utajuaje?"

Alicheka, lakini swali langu halikuwa mzaha. Hatua inayofuata inaonyesha jinsi kipimo cha simu kinavyoweza kukupa jibu la uongo.

Hatua ya 5: Kipimo cha Fermat na mtego wake

Fungua Python kwenye simu. Amri ya `pow(a, b, n)` huchukua a, huipandisha kipeo b, na kukurudishia baki kwa n, bila kuandika ile namba kubwa ya katikati. Kwa namba tasa n, `pow(2, n-1, n)` lazima itoe 1. Jaribu:

```
M = 2**31 - 1
print(pow(2, M-1, M))
```

Inatoa 1. Umefurahi? Jaribu sasa na 2047, ambayo tunajua ni 23 × 89:

```
print(pow(2, 2046, 2047))
```

Inatoa 1 vilevile! Sababu ni ileile ya mzunguko: 2^11 kwa 2047 linabaki 1, na 2046 ni 11 × 186, kwa hiyo lazima itoe 1, tasa iwe isiwe. Kwa namba za Mersenne zenye kipeo tasa, kupima kwa msingi wa 2 hakukuambii chochote. Badilisha msingi uwe 3: `pow(3, 2046, 2047)` inatoa 1013, na uongo umefichuka. Kwa M, `pow(3, M-1, M)` inatoa 1.

Hata hivyo, kutoa 1 bado si uthibitisho. Kuna namba kama 561, yaani 3 × 11 × 17, ambazo hupita kipimo hiki kwa kila msingi usioshiriki kigawo nazo. Kipimo cha Fermat kikikataa, amini. Kikikubali, endelea na kipimo kingine.

Hatua ya 6: Lucas na Lehmer

Kipimo hiki kinafaa kwa namba za Mersenne peke yake, na jibu lake ni la mwisho. Édouard Lucas alianzisha njia hii na kuitumia mwaka 1876 kuthibitisha 2^127 − 1, namba ya tarakimu 39, kwa mkono. D. H. Lehmer aliinyoosha baadaye. Kanuni ni fupi: anza na 4. Piga mraba, toa 2, chukua baki. Rudia mara chache kuliko kipeo kwa mbili. Ukiishia na sifuri, ni tasa; ukiishia na kingine chochote, si tasa.

Fanya kwa kalamu na 2^7 − 1, yaani 127. Kipeo ni 7, kwa hiyo unarudia mara 5:

4 × 4 − 2 = 14.
14 × 14 − 2 = 194, kwa 127 linabaki 67.
67 × 67 − 2 = 4487, linabaki 42.
42 × 42 − 2 = 1762, linabaki 111.
111 × 111 − 2 = 12319, na hiyo ni 127 × 97 kamili. Sifuri.

Ukifanya hivyo na 2047, mara 9, utaishia na 1736. Si tasa, na angalia: kipimo kimekataa bila kukuonyesha 23 wala 89. Ndivyo ilivyotokea kwa 2^67 − 1. Lucas alijua mwaka 1876 kwamba si tasa, lakini vigawo vyake, 193707721 na 761838257287, havikujulikana hadi 1903, alipovitoa Mmarekani Frank Nelson Cole.

Kwa namba yetu, rudia mara 29:

```
s = 4
for i in range(29):
    s = (s*s - 2) % M
print(s)
```

Jibu ni 0.

Neno la tahadhari kwa wanaopenda kufanya kila kitu kwenye jedwali la Excel: s hapa inaweza kufikia tarakimu kumi, na mraba wake tarakimu 19. Excel hushika tarakimu 15 tu, zilizobaki huzigeuza sifuri kimyakimya. Utapata jibu la ovyo na hutaonyeshwa kosa lolote. Kalkuleta ya shule ina shida hiyohiyo. Python haina, inabeba namba kamili za urefu wowote mradi simu ina nafasi.

Hatua ya 7: Cheti kinachoweza kuhakikiwa na mwingine

Hii ni ya anayetaka kumkabidhi mwenzake uthibitisho mfupi wa mistari miwili mitatu. Vunja namba iliyo chini yake kwa moja:

2147483646 = 2 × 3 × 3 × 7 × 11 × 31 × 151 × 331

Kisha tafuta namba ambayo mzunguko wake wa vipeo una urefu kamili wa 2147483646. Ndogo kuliko zote yenye sifa hiyo ni 7. Hakiki hivi:

```
print(pow(7, M-1, M))
for q in [2, 3, 7, 11, 31, 151, 331]:
    print(pow(7, (M-1)//q, M))
```

Mstari wa kwanza lazima utoe 1, na mingine saba isitoe 1 hata mmoja. Ule wa q = 2 utatoa 2147483646, yaani ile 1 upande wa hasi. Mzunguko mrefu kiasi hicho hauwezekani kabisa kwa namba isiyo tasa, basi mjadala umefungwa. Linganisha na 2, yenye mzunguko wa 31 tu. Namba mbili ndogo, 2 na 7, tabia zao mbele ya M ni mbingu na ardhi.

Sifa nyingine za kuchezea

Tumeona kwamba 65536 × 65536 ni 4294967296. Toa 2, gawanya kwa 2, unapata 2147483647 barabara. Kwa maneno mengine, katika ulimwengu wa mabaki ya M, 65536 ni kipeuo cha pili cha 2. Lakini −1 haina kipeuo hapo, kwa sababu M kwa 4 inabakisha 3. Kwa sababu hiyohiyo huwezi kuiandika M kama jumla ya miraba miwili, jaribu usiku kucha.

Kuchukua baki kwa M hakuhitaji kugawanya. Kama vile 10 kwa 9 inabaki 1, na ndiyo maana tunajumlisha tarakimu kupima 9, vilevile 2^31 kwa M linabaki 1. Kwa hiyo ikate namba kubwa kwa 2^31, kisha jumlisha vipande. Mfano: 16807 × 282475249 ni 4747561509943. Ndani yake mna 2^31 mara 2210, na kinachobaki ni 1622647863. Jumlisha 2210 na 1622647863, unapata 1622650073. Hilo ndilo baki.

Sikuichagua hesabu hiyo ovyo. 16807 ni 7 × 7 × 7 × 7 × 7, na kuzidisha kwa 16807 kisha kuchukua baki kwa M ni njia maarufu ya kompyuta ya kuzalisha namba za kubahatisha, iliyopendekezwa na Park na Miller mwaka 1988 iwe kipimo cha chini kwa wote. Ukianza na 1, ya kwanza ni 16807, ya pili 282475249, ya tatu hiyo 1622650073, na ya 10,000 ni 1043618065. Andika programu yako, na ikikupa tofauti hapo kwenye ya 10,000, una kosa mahali. Inafaa kwa michezo na mazoezi. Kwa siri ya pesa au nywila, hapana: anayeiona namba moja anazijua zote zinazofuata. Na M yenyewe ni ndogo mno kwa kazi ya kufungia siri, ambako namba tasa zinazotumika zina tarakimu nyingi zaidi, mara nyingi zaidi ya mia tatu.

Pia zidisha M kwa 2^30. Unapata 2305843008139952128, namba iliyo sawa na jumla ya vigawo vyake vyote vilivyo chini yake, kama vile 6 ilivyo 1 + 2 + 3. Euclid alionyesha kwamba kila namba tasa ya Mersenne inazaa moja ya namna hii. Yetu inazaa ya nane.

Zoezi la foleni ya feri

Ukisubiri kuvuka Likoni, chukua namba yako ya simu, ondoa sifuri ya mbele, ubaki na tarakimu tisa. Je, ni tasa? Kikomo chako ni 31622, na huna mchujo wa Euler wa kukusaidia, kwa sababu namba ya simu haina umbo lolote la kushika. Ndipo utakapoonja tofauti. Kwa simu zinazoanza na 7, ni takriban moja katika ishirini iliyo tasa. Ikiwa yako inaishia na 1, 3, 7 au 9, nafasi yako inapanda hadi moja katika nane. Anza na hatua ya 2; wengi wetu tunaangukia hapo hapo, yangu haikupita hata 3.

Kwenda mbele

Ukitaka kubwa zaidi, badilisha 31 kuwa 61 kwenye mstari wa M wa hatua ya 5, na 29 kuwa 59 kwenye programu ya hatua ya 6. Hiyo ni 2305843009213693951, iliyothibitishwa na padri Mrusi Ivan Pervushin mwaka 1883. Kisha jaribu 67 na marudio 65, uone jibu likikataa kuwa sifuri. Vipeo 521, 607, 1279, 2203 na 2281 vilipatikana mwaka 1952 kwa kompyuta iliyojaza chumba. Simu ya mfukoni inavimaliza vyote bila jasho. Iliyo kubwa kuliko zote zinazojulikana ninapoandika haya ilitangazwa Oktoba 2024, nayo ni 2^136279841 − 1, yenye tarakimu 41,024,320. Iliyothibitisha ni hiihii kanuni ya piga mraba, toa 2, ila kwa kompyuta zenye nguvu za ajabu. Hiyo usiijaribu kwenye simu. Ukipita kipeo cha elfu kumi chomeka chaja kwanza, na uiambie programu iandike s kwenye faili kila baada ya marudio mia moja, ili simu ikizima uendelee ulipofikia.